Ng'ombe Nyuma ya Jiko la Hospitali

Tulipomzika Kogo Tapkigen mwezi uliopita, mwendeshaji wa shughuli alishika kipaza sauti akawaita wajukuu waje kutia udongo, na ndugu yangu Kariuki akainuka kwenye hema la wageni akaenda. Alienda akichechemea vile anavyochechemea tangu utotoni, pindo la suruali limejaa tope, na hakuna aliyemwuliza anaenda wapi. Wajukuu wenyewe walimsogezea nafasi. Mimi nilibaki kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, sijui kama nimeitwa au sijaitwa. Kogo maana yake ni nyanya kwa Kikipsigis, na huyu hakuwa nyanya yetu. Sisi ni watoto wa wachuuzi waliotoka upande wa Kati. Kwa lugha ya kwetu nyanya ni cucu, na cucu wangu sikumjua. Nina nyumba yangu sasa, nina kibanda cha mboga Bomet na wateja wanaoniita mathe, yaani mama, lakini pale kwenye kiti nilikuwa tena msichana wa miaka kumi na mitano anayengoja mtu amwambie asimame wapi.

Nimejaribu mara kadhaa kuuandika mwaka ule wa vita vya makabila, na kila mara nimekwama, kwa sababu sijui unaanzia wapi. Wenzangu wakisimulia huanza na moto. Mimi mwaka huo hunijia kwanza na harufu ya chai ya hospitali, strungi, iliyopikwa kwa maji matupu katika nchi yenye ng'ombe kila boma na majani ya chai hadi kwenye upeo wa macho. Moto niliuona, lakini niliuona kwa mbali, ukiwa nyuma ya mgongo wangu. Tulikuwa tukiishi wawili, mimi na Kariuki aliyekuwa na miaka saba, katika chumba nyuma ya duka ambalo baba alikuwa akipanga kabla hajafa. Mama alikuwa ametangulia. Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba, nikichuma chai katika mashamba ya watu. Kogo, jirani yetu, alikuwa akituletea maziwa kila asubuhi. Alasiri ile, watu walipoanza kupiga mayowe upande wa kituo, aliingia chumbani bila kubisha, akasema, "Nimekuja kuchukua kopo langu." Akachukua kopo kwa mkono mmoja na Kariuki kwa mkono wa pili, akatoka. Mimi nilifuata. Mpaka leo sijui kama alikuja kwa ajili ya kopo.

Tulikatiza shamba la chai. Sehemu kubwa ilikuwa majani mazuri ya kufika kiunoni, lakini kulikuwa na kipande kilichokatwa juzi tu, na anayejua chai anajua kichaka kilichotoka kukatwa kinavyokuwa: vishina vitupu, vimechongoka kama mikuki, vimepangwa safu kwa safu. Kariuki alianguka hapo. Kishina kimoja kiliingia kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Hakulia. Kogo aling'oa jani la mgomba mpakani, akaufunga mguu, akambeba. Wiki zilizofuata tuliishi katika nyumba yake, na ule mguu ulifunga, ukafunguka, ukafunga tena, kisha ukaanza kunuka. Kogo aliuosha kwa maji ya chumvi na dawa za majani alizochemsha kwenye sufuria ya mguu huo peke yake. Usaha ulikuwa ukitoka kama hauna mwisho. Usiku, sijui ni nani kati yetu watatu aliyelala.

Katika boma hilo kulikuwa pia na Mama Joel, mwanamke wa makamo, na huyu lazima nimweleze. Mama Joel alikuwa mke wa Kogo. Kogo hakujaliwa mtoto wa kiume, na mumewe alipokufa, alifanya kama desturi ya Wakipsigis inavyomruhusu mwanamke wa namna hiyo: alipeleka ng'ombe kwa wazazi wa msichana, akamwoa, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na warithi shamba. Kwa hivyo Joel na dada zake walikuwa watoto wa boma la Kogo, na hakuna mtu kijijini aliyebishana juu ya hilo, kwa sababu ng'ombe walikuwa wamepelekwa. Nilipofika hapo niliona ni jambo la ajabu. Siku hizi naona ajabu zaidi jinsi nilivyolizoea haraka.

Jioni moja nilikuwa nikimenya viazi mlangoni nikawasikia wakizungumza jikoni. Mama Joel alikuwa ametoka kanisani, ambako chifu alikuwa amepewa nafasi ya kusema neno.

"Chifu amesema watoto waliokimbia vita watatibiwa bure," alisema. "Kitanda, dawa, kupasuliwa, yote. Serikali italipa."

"Nani atalipa?"

"Serikali, Kogo."

"Na ikishalipa?"

"Ikishalipa basi. Mtoto anapona."

Nikamsikia Kogo akigeuza kimyet, ugali wao mgumu, kwenye sufuria. Kisha akauliza, "Mimi nilipeleka ng'ombe kwa baba yako. Ulirudi kwake?"

"Sikurudi."

"Basi."

Mama Joel alicheka, akasema serikali haioi watoto. Kogo hakucheka. Alisema anayelipa ndiye mwenye mtoto, ndivyo ilivyo tangu zamani, na kama serikali inataka kumtibu huyu kijana bila kumtaka, basi itakuwa ya kwanza. Wakati huo nilimwona mjinga. Nilimheshimu, nilikula chakula chake, lakini nilimwona mjinga. Baadaye nilikuja kuona kwamba hakuwa amekosea sana, na hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa.

Nilimbeba Kariuki mgongoni asubuhi moja Kogo akiwa amekwenda kukamua. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na mguu ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Nilikwenda kambini, uwanja wa kanisa moja uliojaa maturubai, ambako bwana mmoja mwenye kofia ya serikali alikaa kwenye meza ya shule. Aliangalia mguu, akageuza uso.

"Mnalala wapi?" aliuliza.

"Kwa Kogo."

"Kwa nyumba?"

"Ndiyo, kwa nyumba."

"Basi nyinyi hamjakimbia," alisema, bila ubaya. "Mmetembelea. Hii ni ya watoto wa kambi."

Nilisimama pale nikijaribu kufahamu. Nyumba yetu ilikuwa imechomwa. Mtoto alikuwa anaoza mguu mgongoni mwangu. Lakini kwa kuwa kuna mtu aliyetupa mahali pa kulala, hatukuwa tumekimbia. Mama mmoja wa kwetu, aliyekuwa akichota uji kwa kopo, alinivuta leso akaninong'oneza, "Ingia hapa kwa turubai yangu, wewe. Lala hapa mpaka wahesabu." Tukalala hapo kwenye matope, mvua ikipiga, na Kariuki akaingia homa. Tulipohesabiwa tukawa watoto wa vita, na landrova ikatupeleka hospitali.

Wodi ya watoto ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu ambayo hayakufunguka, na kuta zilizopakwa kijani mpaka usawa wa kifua na nyeupe kwenda juu. Vitanda vilikuwa na watoto wawili wawili, mmoja kichwa huku na mwingine kule. Sisi wenye wagonjwa tulilala chini ya vitanda. Walimpasua Kariuki, wakakwangua mfupa, wakasema atakaa sana kwa sababu mfupa hauna haraka. Saa nne ililetwa strungi na mkate mkavu, mchana ugali na kabichi, jioni maharagwe. Sista Chelangat, muuguzi mkuu wa wodi, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole na mikono isiyo na upole. Alikuwa akituita "watoto wa serikali." Hakuwa akidhihaki. Ilikuwa njia yake ya kujua nani atapelekwa kwenye dirisha la malipo na nani hatapelekwa.

Kitandani, upande wa miguu ya Kariuki, kulikuwa na mtoto anayeitwa Kiprono aliyeungua mgongo. Mama yake alikuwa mwenzangu wa chini ya kitanda. Tuligawana blanketi na tukawa tunasemezana vizuri mpaka siku aliposikia Sista akiniambia nisijali kuhusu sindano mpya, imeshalipwa.

"Kwani nyinyi hamlipi?" aliniuliza.

"Serikali inalipa. Sisi ni wa kambi."

"Sisi pia tulichomewa," alisema. "Huko mpakani. Huyu aliungua ndani ya hiyo nyumba."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema. Wakaniuliza nilikimbilia wapi, nikasema kwa mjomba." Aligeuka upande wa ukuta. "Ningejua ningemwacha mjomba na nyumba yake, niende nilale nje kama nyinyi."

Hakuniondolea blanketi. Hilo nalikumbuka zaidi ya maneno yake. Baada ya muda mjomba mwenyewe alikuja, akasimama na Sista kwenye korido kwa mazungumzo ya chini, kisha wakamfunga Kiprono kwenye shuka wakaondoka naye kabla mgongo haujakauka. Mama yake aliniambia, "Haya, mtoto wa serikali, umwangalie ndugu yako." Sijui kama Kiprono alipona. Nimekuwa nikitazama migongo ya wanaume sokoni Bomet siku za joto, jambo ambalo halina maana, kwa sababu mtu havui shati sokoni. Wakati mwingine najiuliza kama ile fedha ya serikali ilikuwa haki. Ilimwokoa ndugu yangu, siwezi kuisema vibaya. Lakini ilituchagua kwa kuuliza tulilala wapi, na mimi najua jinsi nilivyokwenda kulala pale.

Kogo alikuja baada ya Kiprono kuondoka. Soja wa langoni ndiye aliyeanza kupiga kelele za kicheko, nikatoka nje na wenzangu kutazama. Kogo alikuwa amesimama kwenye lango la hospitali, leso mbili begani, fimbo mkononi, na ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe kwa kamba. Walikuwa wametembea tangu jua kuchomoza.

"Kogo, hapa si kwa daktari wa mifugo," soja alimwambia.

"Wewe fungua. Ningekuwa mgonjwa ningekuja mikono mitupu."

Msimamizi wa hospitali aliitwa, mwanamume mnene mwenye kalamu mfukoni, mstaarabu. Kogo alimwambia amekuja kulipia mguu. Msimamizi akamweleza kwamba mguu umeshalipiwa. Kogo akauliza umelipiwa na nani. Akaambiwa serikali.

"Hiyo serikali," Kogo alisema, "ilikuwa wapi nilipokuwa nikiosha usaha?"

"Mama, hiyo ni kazi nzuri ulifanya. Lakini hatuwezi kupokea ng'ombe. Hatuna mahali pa kumwandika."

"Usimwandike. Mfunge tu."

Watu walicheka, msimamizi naye akacheka, na nafikiri alifikiri kwamba mzee atachoka arudi nyumbani. Kogo aliketi chini kwenye nyasi akashika kamba. Jua lilisogea. Hatimaye mpishi wa hospitali, mzee mfupi tuliyemwita Chumo, ambaye alikuwa na zizi lake dogo nyuma ya jiko kando ya nyumba za wafanyakazi, alitoka akifuta mikono kwa aproni, akasema kwamba kama ni kufunga tu, yeye ana mti. Ndivyo ng'ombe alivyoingia hospitalini. Kogo aliingia wodini, akautazama mguu wa Kariuki uliokuwa umefungwa plasta, akampa mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu. Mimi hakuniangalia kwa hasira wala kwa furaha. Aliniambia tu, "Umekonda," akaondoka.

Najua nilihisi nini siku ile, ingawa sikuwa na neno lake. Serikali ilikuwa imemlipia Kariuki. Kogo naye alikuwa amemlipia Kariuki. Mimi nilikuwa mzima, mkubwa, na hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kunilipia chochote. Nilikuwa mtu wa kulala chini ya kitanda. Niliona aibu kwa kufikiri hivyo, nikaenda kufua bandeji.

Chumo alilalamika wiki nyingi kwamba ng'ombe yule anakula tu nyasi za serikali. Kisha asubuhi moja alikuja mpaka mlangoni mwa wodi, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akaniita kwa kidole. Nyuma ya jiko, kati ya kuni na mapipa, ndama jike alikuwa akijaribu kusimama. "Huyu bibi yenu ametuletea wawili," Chumo alisema. Nilidhani ni bahati. Baada ya siku chache, saa nne, chai ilipoingia wodini ilikuwa na rangi ya kahawia laini, na watoto waliinuka kwenye mito. Haikuwa nyingi, kila mtoto nusu kikombe, lakini Sista Chelangat alisimama katikati ya chumba na kikombe chake akasema, "Sasa hii ndiyo chai." Tangu siku hiyo hakutuita tena watoto wa serikali. Alimwita Kariuki mwenye ng'ombe.

Karibu na mwisho wa mwaka yule bwana wa kofia alikuja wodini. Kambi ilikuwa ikifungwa. Watu walikuwa wakipelekwa makwao, na wale wasio na kwao walikuwa wakipangiwa. Alimwambia Sista kwamba watoto waliotibiwa kwa fedha za serikali na wasio na wazazi watapelekwa makao ya watoto, mbali, upande wa mjini. Kariuki angekwenda. Alinitazama akasema mimi ni mkubwa, naweza kutafuta kazi. Nilikumbuka jikoni kwa Kogo, lile swali lake: na ikishalipa?  Nilimwomba Sista ampelekee Kogo habari kupitia kwa watu wa soko, na yule bwana akasema atarudi siku ya pili na gari.

Siku ya pili Kogo alifika kabla ya gari. Yule bwana aliposhuka, Kogo alimshika mkono wa shati kama unavyomshika mtoto, akampeleka nyuma ya jiko, sisi wote tukifuata.

"Huyu ni nani?" alimwuliza akionyesha ng'ombe.

"Ni ng'ombe, mama."

"Amekuwa hapa muda gani?"

Yule bwana alimtazama Chumo. Chumo akasema tangu mtoto alipopasuliwa. Sista akasema wodi nzima inakunywa maziwa yake.

"Nilimlipia," Kogo alisema. "Kama nyinyi pia mlimlipia, chukueni chenu mrudi nacho. Mtoto atabaki."

"Mama, hii si risiti."

"Na hiyo karatasi yako, inazaa?"

Hakuna aliyecheka. Yule bwana alikuwa mtu wa kutoka mbali, kusini au kaskazini sikujua, lakini nilimwona akimtazama ndama kwa namna ambayo mtu aliyekulia kati ya ng'ombe hutazama, masikio, miguu, mgongo. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mkubwa wake. Unasema nini?"

Nilikuwa sijaulizwa nataka nini mwaka mzima. Nilisema, "Haendi bila mimi, na mimi siendi." Ilikuwa yote niliyokuwa nayo. Alivua kofia, akaivaa, akarudi kwenye gari. Hakurudi tena, na hakuna mtu aliyekuja badala yake. Nimewaza miaka yote ni nini kilichomrudisha: ng'ombe, maneno yangu, au uchovu tu wa mtu mwenye watoto wengi wa kupanga. Plasta ilipokatwa na Kariuki akaruhusiwa kutoka, Chumo alimwambia Kogo amchukue mnyama wake na ndama. Kogo alikataa kabisa. Chumo akasema basi chukua ndama, maana ndama hukumtoa kama malipo. Kogo akamwambia, "Nimelipa," akatushika mikono tukatoka langoni. Nilidhani ni ukaidi wake. Tuliishi kwake mpaka Kariuki alipojifunza kuchomea vyuma na mimi nilipoolewa.

Haya yote yalikuwa yakinipita pale kwenye kiti cha plastiki, na Kariuki alikuwa tayari ameinama kwenye udongo kati ya Joel na dada zake, Mama Joel aliponijia. Amezeeka sasa, na anatembea kwa fimbo ya Kogo. Alisimama mbele yangu akanizibia jua.

"Wewe unangoja nini?"

"Wameita wajukuu, mama."

"Ndiyo. Unangoja nini?"

Nilimwambia kwamba Kariuki ndiye aliyelipiwa. Nilisema kwa sauti ya utani, lakini sauti haikutoka vizuri. Mama Joel alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya nyumbani kwake mwenyewe.

"Asubuhi ile aliyokwenda hospitali," alisema, "tulikuwa na ng'ombe wawili wa kutoa. Mmoja alikuwa mkavu, amenona. Mwekundu alikuwa na mimba. Nilimwambia, Kogo, peleka huyu mkavu, anatosha mtoto mmoja. Tuligombana mpaka jua likatoka." Aliegemea fimbo. "Akaniambia, 'Huoni wako wawili?'"

Nilisimama. Nilimpa mkoba wangu aushike, nikaenda.